Jivu, chokaa na azalea za wifi

Jumamosi moja ya mwezi wa tano wifi yangu alinipigia simu ya video akiwa amesimama mbele ya nyumba yake, jembe mkononi. Anaishi na kaka yangu Silver Spring, Maryland, kwenye nyumba ya zamani ya matofali waliyoinunua pamoja na kila kilichoota uani. Chini ya dirisha la sebule kuna azalea, vichaka vya maua, zilizopandwa kwa kufuata ukuta, na hizo ndizo zilizompandisha hasira.

"Wifi, hebu yaone haya majani. Mimi nazing'oa zote, nipande mchicha."

Akasogeza simu. Majani machanga, yale ya juu kabisa, yalikuwa ya njano ya limau iliyoiva, lakini mishipa yake ilibaki ya kijani, umstari kwa umstari, mpaka ile midogo ya pembeni. Majani ya chini, ya mwaka jana, hayakuwa na shida.

"Umeziwekea nini?"

"Swali gani hilo? Nimeziwekea kila kitu."

Akanitajia. Mbolea ya nyanya iliyobaki. Chumvi ya Epsom, kwa ushauri wa jirani. Na jivu la mkaa, kila wanapochoma nyama, kwa sababu kwao Machame jivu la jikoni linakwenda mgombani, na migomba inashukuru.

Nikamwambia, tafadhali wifi, weka jembe chini, nakuja.

Alilitii hilo. Lakini swali lake lilinikaa kichwani wiki kadhaa. Kichaka kinapewa chakula, kinapewa maji, kinasemeshwa vizuri, na bado kinazidi kuwa njano. Kinakosa nini?

Udongo wa chai

Nimekulia Mufindi. Mtoto wa Mufindi haambiwi kwamba chai inapenda udongo wenye tindikali, anaona tu. Palipo na chai pana udongo mwekundu, mvua nyingi na ukungu wa asubuhi, na haidrenjia za kwenye nyumba za mashambani zinatoa maua ya buluu. Hakuna anayemwaga jivu kwenye chai.

Azalea si ya jamii moja na chai. Ni ya jamii ya rododendroni. Lakini kwenye udongo tabia zao zinakaribiana sana. Zote mbili zinataka pH ya chini, yaani kile kipimo ambacho kadiri kinavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi: azalea inastawi kati ya 4.5 na 6, na udongo wa chai uko humo humo. Mtu aliyelelewa kwenye chai anaweza kuitunza azalea vizuri kuliko anavyodhani, mradi asahau migomba.

Maana dalili aliyonionyesha wifi, jani changa la njano lenye mishipa ya kijani, ina maana yake. Ingekuwa upungufu wa naitrojeni, majani ya zamani ndiyo yangeanza kupauka, na yangepauka yote, mishipa kwa jani. Likianza jani changa, mishipa ikabaki kijani, mara nyingi mmea haupati madini ya chuma. Na hapa ndipo wengi tunapokimbilia dukani. Chuma kimepungua, basi tuongeze chuma.

Kumbe chuma kipo. Udongo wa Maryland una mfinyanzi wenye chuma cha kutosha. Tatizo ni kwamba pH ikipanda, chuma hujifunga kwenye udongo katika hali ambayo mizizi ya azalea haiwezi kukichukua. Mmea unakaa juu ya chakula na hauli.

Kwa hiyo swali likabadilika. Badala ya kuuliza azalea inakosa nini, nikaanza kuuliza nani ameupandisha udongo huu.

Haidrenjia ya ngazini

Nilipofika, sikuanza na azalea. Macho yangu yalikwenda kwenye haidrenjia iliyo pembeni ya ngazi za zege, hatua chache kutoka kwenye zile azalea. Ilikuwa ndiyo kwanza inafungua vichwa vya kwanza, na vilikuwa vya waridi.

Ng'ambo ya barabara, kwa jirani, haidrenjia zake zilikuwa za buluu, buluu ya Mufindi.

Sikusema kitu kwa muda. Haidrenjia za aina hii hubadili rangi kwa kufuata udongo: kwenye tindikali aluminiamu ya udongoni inayeyuka, mmea unaichukua, ua linakuwa la buluu. pH ikipanda, aluminiamu haipatikani, ua linakuwa la waridi. Nyumba mbili za mtaa mmoja, mvua moja, na udongo wa asili ule ule. Kilichotofautiana ni kilichofanywa na binadamu.

Tukachukua udongo sehemu mbili, pale ukutani na kule nyuma chini ya mwaloni, tukaupeleka maabara. Wa ukutani ulisoma juu kidogo ya 7. Wa chini ya mwaloni ulisoma 5 na pointi kidogo.

Halafu tukaanza kuhesabu wakosaji. Wa kwanza ni ukuta wenyewe. Msingi wa zege na udongo wa saruji uliobaki kati ya matofali huachia chokaa kidogo kidogo kila mvua inapopiga, na mafundi wa ujenzi wana desturi ya kufukia mabaki ya saruji hapo hapo chini ya dirisha. Kaka alichimba na koleo akakuta vipande. Wa pili ni nyasi. Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na watu wa kumtunzia nyasi, na huku ni kawaida kumwaga chokaa kwenye nyasi wakati majani ya miti yanapopukutika, kwa sababu nyasi zinaitaka. Chokaa haijui mpaka wa nyasi na maua. Wa tatu alikuwa jivu.

Wifi aliposikia hilo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini jivu ni mbolea."

Ni mbolea kweli. Lina potasiamu, lina kalsiamu, na linapandisha pH. Kwa mgomba ni zawadi. Kwa azalea ni kufunga mlango wa jikoni.

Dawa za haraka na za polepole

Nitayapitia haya upesi kwa sababu ndiyo ninayoulizwa zaidi.

Chuma cha kunyunyizia majani, kile kilichotengenezwa kisifungwe na udongo, kinarudisha kijani ndani ya muda mfupi. Lakini majani yatakayochipua baadaye yatarudi njano, kwa sababu udongo haujaguswa. Salfa ya unga ndiyo inayoshusha pH, nayo haina haraka: bakteria wa udongoni ndio wanaoigeuza kuwa tindikali, na wanafanya kazi udongo ukiwa na joto, kwa miezi. Aluminiamu salfeti inafanya haraka zaidi, ila siipendi kwa azalea, maana aluminiamu ikijikusanya inaunguza mizizi. Makapi ya kahawa hayafanyi kile watu wanachodai. Kahawa ikishapikwa tindikali nyingi imeshakwenda kikombeni. Yatupe kwenye mboji tu.

Na chumvi ya Epsom ni magnesiamu. Kama magnesiamu haijapungua, haisaidii kitu.

Chini ya jani

Nilidhani kesi imekwisha. Kisha nikafika kwenye kichaka cha mwisho, kile cha pembeni kinachopigwa na jua la mchana kutwa, na majani yake hayakuwa ya njano hata kidogo. Yalikuwa yamepauka, yamejaa vidoa vidogo vyeupe upande wa juu, kana kwamba kijani kimenyonywa kwa sindano.

Nikaligeuza jani moja. Upande wa chini ulikuwa na madoa meusi yanayong'aa, magumu, yamegandamana na jani. Nikayakwangua kwa ukucha, hayakutoka kirahisi. Katikati ya madoa hayo, kwenye mshipa mkubwa, akatembea mdudu mdogo wa milimita tatu hivi, mabawa yake maangavu yamefumwa lesi. Nilimwita wifi, akaja na miwani, tukamtazama mpaka akaruka.

Huyu ni mdudu-lesi wa azalea, asili yake Japani, na Marekani ana zaidi ya miaka 100. Ananyonya utomvu kutoka chini ya jani, na yale madoa meusi ni kinyesi chake. Anachomekea mayai ndani ya nyama ya jani, kando ya mshipa mkubwa, na mayai hayo ndiyo yanayovuka msimu wa baridi. Azalea haipukutishi majani yote, kwa hiyo kizazi kijacho kinalala mle mle, na majira ya kuchipua yakifika kinaanguliwa. Ndani ya msimu mmoja vizazi hufuatana.

Kilichonivutia ni mahali alipo. Vichaka vilivyokuwa kivulini havikuwa naye kwa wingi. Kwenye jua kali, mbali na miti na mimea mingine, wale wanaomla, buibui na wadudu wengine, ni wachache. Azalea yenyewe kwa asili ni mmea wa chini ya miti mirefu, wa mwanga unaochujwa na majani. Ukiiweka kwenye jua la mchana mbele ya ukuta wa matofali unaorudisha joto, umempangia mdudu nyumba.

Tiba tuliyoanza nayo ni mpira wa maji, maji ya nguvu kutoka chini kwenda juu, wakati watoto wake bado hawana mabawa. Wakianguka wengi hawarudi. Baada ya hapo sabuni ya kuulia wadudu au mafuta ya bustani, ukihakikisha yanafika chini ya jani, la sivyo umeosha upande usio na mtu. Zipo dawa za kumwagia mizizini ambazo mmea unazinyonya hadi kwenye majani, na zinafanya kazi, lakini zinaweza kufika mpaka kwenye chavua na asali ya ua. Nyuki wanazitembelea azalea. Sikuzitaka.

Jambo moja la kumwambia mtu mapema: jani lililokwisha kupauka halirudi kijani. Wifi alikuwa anayakagua majani yale yale kila asubuhi na kukata tamaa. Nikamwambia, "Mama, haya yaache. Tazama machipukizi."

Kile kilichokufa

Katikati ya safu kulikuwa na kichaka kimoja kikavu kabisa. Hicho nilimruhusu wifi akitoe kwa jembe lake.

Hakikuhitaji jembe. Kaka alikishika shingoni akakivuta, kikatoka. Na hapo tukaona kitu ambacho kilinisumbua kuliko njano yote na wadudu wote: mizizi ilikuwa bado ina umbo la ndoo ya kitaluni. Miaka yote iliyokaa ardhini haikuwahi kutoka nje. Ilikuwa imejizungusha na kujisokota kama kikapu kilichosukwa, ukingo ukiwa mgumu, na katikati mboji ile ya dukani imekauka kiasi kwamba tulipoimwagia maji yaliteleza pembeni.

Azalea ina mizizi myembamba sana, ya nywele, inayokaa sentimita chache chini ya uso wa udongo. Haina mzizi mkuu wa kuzamia maji. Ikitolewa kwenye ndoo na kuingizwa shimoni hivyo hivyo, inaendelea kuzunguka pale ilipozoea, hasa ikikutana na udongo wa mfinyanzi mgumu. Ndiyo maana ni lazima kuichanachana hiyo mizizi kabla ya kupanda, kuikata pembeni kwa kisu ikibidi. Inauma kuikata, naelewa. Mwanzoni mkono unasita.

Na shimo liwe pana, si refu. Upana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, kina kidogo kuliko donge lenyewe, ili sehemu ya juu ibaki imeinuka sentimita kadhaa. Maana upande wa pili wa mfinyanzi ni maji yanayotuama, na maji yanayotuama huleta fitoftora, ugonjwa wa kuozesha mizizi. Dalili yake inadanganya: mmea unanyauka wakati udongo umelowa. Mtu akiuona umenyauka anauongezea maji. Ukiikwangua ganda la shina karibu na udongo ukakuta chini yake rangi ya kahawia nyekundu badala ya kijani, ujue hapo hapana la kuokoa, na usipande azalea nyingine pale pale.

Juu ya udongo weka matandazo: majani ya msonobari au magome yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Mizizi iliyo juu hivyo inategemea hicho kivuli. Kwa sababu hiyo hiyo usipalilie kwa jembe kuzunguka azalea. Ng'oa magugu kwa mkono.

Kwa nini tusing'oe?

Usiku ule, nikiwa nimelala sebuleni kwao, nilijiuliza kama sikumkosea wifi heshima. Ni nyumba yake, analipia mkopo wake. Mchicha unaliwa. Azalea inachanua wiki mbili au tatu mwezi wa nne na wa tano, kisha mwaka mzima ni kichaka cha kijani. Mimi nisiyeishi pale ndiye niliyemzuia.

Nilifikiria kilichotokea Washington, mwendo mfupi tu kutoka kwao. Kwenye bustani ya taifa ya miti, ile National Arboretum, kuna mteremko wa kilima uliojaa azalea zilizozalishwa na Benjamin Yoe Morrison. Alianza kuzichanganya mbegu kwenye kituo cha serikali cha Glenn Dale, Maryland, akitafuta azalea yenye maua makubwa ya zile za kusini lakini inayovumilia baridi ya huku. Alizipa majina aina 454. Mwaka 2010 uongozi wa bustani ulitangaza mpango wa kuziondoa zile za mteremkoni, kwa sababu fedha za kutunza zilikuwa zimepungua. Watu walipiga kelele. Mwaka 2011 mtu mmoja ambaye hakutaka kujulikana alitoa dola milioni 1, na azalea zikabaki.

Miaka ya nyuma ningesema hao watu hawana kazi. Sasa nimewahi kupanda kile kilima mwezi wa nne. Sidhani tena hivyo. Maua yanafunika kichaka mpaka jani halionekani, na familia za kila lugha zinapanda na watoto migongoni.

Na pale mtaani kwa wifi, jirani na Takoma Park, mji ambao watu wake wanauita mji wa azalea, vichaka hivi vimekaa mbele ya nyumba kabla ya wenye nyumba wengi wa leo. Ukiking'oa kichaka cha miaka 50, dukani hakuna cha miaka 50 cha kununua.

Bado sikuwa na uhakika. Nilimwambia hivyo asubuhi, wakati wa chai. Akajibu, "Wifi, mimi sizichukii. Nilichoka tu kuona kitu kinakufa mbele ya dirisha langu na sijui kwa nini."

Mkasi wa mwezi wa tisa

Kulikuwa na lalamiko jingine: hata zile nzima, kando ya karakana, mwaka ule zilitoa maua ya kuhesabika. Hilo halikuhitaji maabara. Nilimuuliza kaka alizipogoa lini. Mwezi wa tisa, alisema, alipokuwa anasafisha uani kabla ya baridi.

Azalea inatengeneza matumba ya mwaka kesho katika kiangazi cha mwaka huu. Ukifika mwezi wa tisa yamo tayari kwenye ncha za matawi, madogo, yamefunikwa. Mkasi ukipita, unakata maua ya mwezi wa nne. Pogoa mara maua yanapoisha, usivuke mwezi wa sita. Na kichaka kilichozeeka kikaota mirefu mirefu hakihitaji kunyolewa umbo la sanduku: kata theluthi moja ya mashina ya zamani karibu na chini, mwaka kesho theluthi nyingine, na ya tatu mwaka unaofuata. Azalea inaweza kuchipua hata kutoka kwenye shina lisilo na majani. Paa wa Maryland wanazipogoa bure msimu wa baridi, nao hawaulizi tarehe.

Mambo mengine mawili utayakuta. Majani yakivimba, yakawa mazito na ya kijani kilichofifia, ni fangasi wa majira yenye unyevu. Yachume kabla hayajageuka meupe ya unga, kwa sababu huo unga ndio mbegu zake, na uyatupe mbali. Maua yakianza na vidoa vidogo kisha yakawa uji unaoganda kwenye tawi, hiyo ni baa ya petali, iliyoonekana kwanza karibu na Charleston, South Carolina, mwaka 1931. Okota maua yaliyoanguka, badilisha matandazo, mwagilia chini na si juu ya maua.

Na kwa wanaofikiria kuzipeleka nyanda za juu nyumbani, ambako hewa na udongo wa chai vinaweza kuzifaa: azalea yote ni sumu, majani hadi asali ya ua. Paa wanazila na kuendelea na safari zao, lakini mbuzi na kondoo wanaugua vibaya, na mbwa pia. Usizipande mahali mbuzi wako anapofika.

Tulichoamua

Azalea za ukutani tunazihamisha mwezi wa kumi, joto likipungua, tuzipeleke chini ya mwaloni, kwenye udongo ule wa 5. Mizizi yao kuwa juu juu, ambako ni udhaifu wakati wa ukame, ni faida wakati wa kuhama: unachimba duara pana lisilo refu, unainua donge zima juu ya turubai. Ni rahisi kuliko kupigana na ukuta wa zege kila mwaka kwa salfa.

Ukutani pakibaki wazi, pana jua la kutosha, na pH yake haina ubaya kwa mchicha. Wifi alikwisha kuona mbali. "Kwa hiyo jivu langu liendelee?"

"Liendelee, ila liishie hapo hapo."

Kuna jambo moja lililotuzuia kununua mbegu. Nyumba ilijengwa muda mrefu kabla ya 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi zenye madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwenye nyumba, na fremu za madirisha zimebanduka rangi kwa miaka mingi juu ya udongo ule ule. Risasi haitoki udongoni, na mboga za majani ukila unaweza kuila pamoja na vumbi lake. Watoto wao bado wadogo. Tumerudisha udongo wa ukutani maabara, safari hii upimwe risasi. Majibu hayajafika. Yakiwa mazuri, mchicha utapandwa pale. Yakiwa mabaya, kaka ataunda masanduku ya mbao nyuma ya nyumba, ajaze udongo wa kununua, na ukutani tutaongeza haidrenjia, hata kama zitachanua za waridi.